Ng'ombe wa Wanawake Kumi na Wawili

Kosa ni langu. Nalisema kwanza, kabla hujanijua, kabla hujaanza kunionea huruma kwa sababu mimi bado kijana na nina mtoto mgongoni. Usinionee huruma! Nilinyamaza siku moja, kwa muda mfupi kama wa kukamua ng'ombe mmoja, na msichana wa watu akaolewa kwa kimya changu.

Bwana Mhariri, jina langu liache. Majina ya wenzangu nimeyabadili. Najua haitasaidia sana. Gazeti lako linafika moja tu huku kwetu Genkuru, linasomwa kwa zamu mpaka linachanika, na mwanamke aliyesoma sekondari upande huu ni mimi peke yangu. Watajua. Na wajue!

Nisikilize basi wewe unayesoma, kana kwamba tumekaa wawili tunachambua mboga.

Nilikuwa darasa la kumi, katika shule ya wasichana iliyo mbali, ya kufika kwa meli na kwa treni, baba aliponiandikia barua. "Rudi, mambo ya nyumbani yamekamilika." Mambo ya nyumbani! Yalikuwa ng'ombe wa mahari hayo. Nilirudi na sanduku la bati na vitabu vitano, nikaolewa na Mwita. Mwita si mtu mbaya. Lakini hakuna aliyeniuliza, na hasira ile ninayo mpaka leo, imekaa hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Mama mkwe alinipokea kwa ulimi. Kila jiwe la kusagia liliponichubua mikono, kila ugali wangu ulipotoka na madonge, alisema kwa sauti ya kufika kwa majirani:

"Ng'ombe ana mkia, ana pembe, ana maziwa. Hiyo shule yako ina nini? Tumetoa ng'ombe mpaka zizi likabaki uwanja, tukaletewa vitabu!"

Majirani wanacheka. Mimi nasaga. Ulezi unazidi kuwa mwekundu, sijui ni rangi yake au ni damu ya vidole vyangu.

Aliyeniokoa ni Bibi Nyangi, mjane anayekaa karibu na kijito. Alinikuta kisimani nikiwa nalia, akatua mtungi wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, unajua kulima?" Aliniita Mwalimu tangu siku ile, nami sijafundisha hata kuku.

"Najua, Bibi."

"Unajua kunyamaza?"

"Hapana, Bibi. Hilo sijui."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi tutaanza na kulima."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kikundi chake. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Tulifanya risaga, yaani tunalimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Tukivuna, kila mmoja anapeleka kikapu kimoja cha ulezi nyumbani kwa Bibi Nyangi, tunaumwaga katika kihenge kimoja. Ulezi ule haukuguswa. Ulingoja miezi ya njaa, wakati vihenge vya watu vinabaki na vumbi, ndipo tukaubadilisha kwa mbuzi. Mbuzi wakazaa. Mwanamke akijifungua, kikundi kinachinja. Mtoto akiugua, kikundi kinatoa. Hakuna aliyepiga magoti mlangoni kwa mtu.

Lakini kitu kikubwa zaidi pale kilikuwa swali. Siku ya kumwaga, Bibi Nyangi anasimama penye mdomo wa kihenge, na kila anayekuja na kikapu anamwuliza: "Una neno na mtu hapa?" Ukiwa huna, unamwaga. Ukiwa nalo, unatua kikapu chini, na wote wanatua. Hakuna anayemwaga mpaka neno lile limekwisha. Hata kama jua linazama. Hata kama watoto wanalia nyumbani!

Mwaka wangu wa kwanza aliyetua kikapu ni Bhoke, mama yake Robi.

"Una neno?"

"Ninalo. Na boma la huyu." Akaninyooshea kidole mimi.

Kumbe baba mkwe wangu na Chacha, mume wa Bhoke, walikuwa hawasalimiani miaka mingi. Ng'ombe wa Chacha waliibwa, na Chacha alisema nyayo ziliishia kwenye zizi letu. Watu wa maboma haya mawili walikuwa wakikutana njiani, mmoja anaingia porini.

Nikasema, "Mama Robi, ng'ombe wako walipoibwa mimi nilikuwa shuleni nachora ramani ya Ulaya! Mimi hao ng'ombe ningewapitisha wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bhoke akajaribu kubana mdomo, ukamshinda, akacheka naye. Akamwaga. Nami nikamwaga.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kama maji yanavyorudi kisimani. Mwanangu alipougua tumbo, Bhoke alileta kibuyu cha maziwa hadi uani kwetu. Mama mkwe akakitazama kibuyu kile kama nyoka, kisha akakipokea. Msimu uliofuata akampelekea Bhoke mbegu za maboga. Siku moja baba mkwe alirudi matembezini akasema, kana kwamba si jambo, "Leo nimesalimiana na Chacha." Mama mkwe akaacha kupepeta. Ndiyo! Kikapu kimoja kimoja cha wanawake kilifanya kile ambacho vikao vya wazee vilishindwa kufanya kwa miaka. Hili nalisema kwa kifua kizima, na hakuna wa kunibishia.

Nalisema pia ili ujue nilichokivunja.

Mwaka wa nne mbuzi wetu wakazaa ng'ombe. Ndivyo tulivyosema kwa utani, lakini tulimpata kwa kubadilishana: mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mpole, anayependa kukwaruzwa chini ya shingo. Tulimwita Akiba. Bibi Nyangi alimzunguka mara mbili akimpapasa mbavu, akasema, "Nimezaa watoto saba, nimezika mume, na hiki ndicho kitu cha kwanza chenye miguu minne ninachokiita changu." Kisha akajisahihisha haraka: "Chetu."

Hapakuwa na ubishi juu ya nani apewe. Robi, binti wa Bhoke, alikuwa darasa la sita. Mtoto yule ana kichwa! Alikuwa anakuja kwangu Jumapili baada ya ibada, ananiuliza maswali mpaka nachoka. "Dada, kwa nini treni haipinduki kwenye kona? Dada, bahari ina mwisho?" Sasa baba yake Chacha alikuwa anamwozesha mwanawe wa kiume kule Mbalibali, na wakwe wa huko walisema mahari imepungua ng'ombe mmoja. Mmoja tu! Bila huyo, bibi harusi hatoki kwao. Na Chacha zizi lake lilikuwa limekwisha. Akasema hana njia isipokuwa Robi aolewe, ng'ombe wapatikane.

Bibi Nyangi alikwenda kwa Chacha mwenyewe na fimbo yake.

"Baba Robi, ukipata mtamba mmoja, utamwacha huyu mtoto amalize shule?"

Chacha alimtazama. "Mtamba wa nani?"

"Wewe hiyo si shughuli yako. Utamwacha?"

"Mkileta kabla mavuno hayajaisha, nitamwacha. Sitaki kumwoza mapema, mama. Nataka ng'ombe mmoja."

Basi! Ilikuwa imekwisha. Robi ameokoka, tena kwa ulezi wetu. Mimi ambaye sikuokolewa na mtu, nilikuwa nakwenda kumwona mwenzangu akiokolewa. Unaelewa jinsi nilivyofurahi? Nilicheza!

Wakwe wa Mbalibali wangempokea wakati wa mavuno; zilibaki wiki chache, na ng'ombe lazima alale mahali. Bibi Nyangi hana zizi. Zizi la baba mkwe wangu lina ukuta wa magogo, wezi hawaliwezi. Nikasema nitamlaza mimi.

Bibi Nyangi akanishika mkono. "Mwalimu, sikia vizuri. Mwambie mumeo ni ng'ombe wa kutunziwa. Sema ni wa mjane Nyangi, amemweka kwenu. Basi, usiongeze neno."

Wewe wa mbali labda hujui. Kwetu mtu anaweza kuweka ng'ombe wake katika zizi la mwingine. Mwenye zizi anakunywa maziwa, lakini ng'ombe hamgusi. Hamchinji, hamtoi mahari, hata akiwa na shida ya kufa. Hata mwizi wa usiku anaogopa kusemwa kwamba alikula ng'ombe wa kutunziwa. Neno hilo lingemlinda Akiba kuliko ukuta wa magogo.

Nami nilikwenda nalo hadi getini. Nililibeba mdomoni, wallahi nililibeba! Nikamkuta mama mkwe amesimama pale, mikono kiunoni.

"Huyo ng'ombe mzuri hivyo umemtoa wapi, msomi?"

Sijui nini kilinipata. Au najua. Ilikuwa ile miaka yote ya mkia na pembe. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Ametoka kwa mjomba wangu wa Sirari. Ni zawadi."

Zawadi! Mama mkwe akashusha mikono. Akamzunguka ng'ombe. Akaniangalia kama mtu aliyekuwa hanioni. "Mwanangu," akasema, "ingia ndani ukae. Leo nitasaga mimi."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo tangu nije.

Jioni ile Mwita alicheka peke yake kama mtoto. Keshoye kwenye pombe alijigamba mpaka wenzake wakachoka. Huko kwa Bibi Nyangi ng'ombe aliitwa Akiba, kwetu akaitwa Zawadi, na mimi katikati nikawa naitika majina yote mawili.

Niliapa nitasema ukweli kesho. Kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa wiki. Kila asubuhi mama mkwe ananiita mwanangu, na ulimi wangu unakwama. Mimi niliyemwambia Bibi Nyangi sijui kunyamaza!

Mavuno yakaanza. Bhoke akaja, akanisimamisha karibu na shamba la mihogo.

"Mwalimu, nipe yule ng'ombe nimpeleke."

"Ana mimba, mama Robi. Njia ya Mbalibali ni ndefu. Tungoje azae."

"Chacha anasema maneno ya wanawake ni moshi. Kuna wanaume wanakuja kwangu kunywa pombe, wananong'ona. Nikikaribia wananyamaza. Naogopa."

"Wiki mbili tu. Niamini."

Aliniamini! Huyo ndiye mwanamke ambaye miaka michache nyuma angeingia porini akiniona. Aliniamini kwa sababu tulikuwa tumemwaga katika kihenge kimoja. Akasema, "Haya, mwenzangu," akaenda zake na jembe begani.

Sasa sikia siku yenyewe.

Shemeji yangu Marwa, mdogo wa Mwita, alikuwa anatafuta mke. Mambo hayo ni ya wanaume, mimi sikuambiwa ni kwa nani. Na nikiri hata hili: nilikuwa nangoja kwa hamu mke wa Marwa aje, ili awepo wa pili wa kusaga. Ndiyo. Niliomba hata kanisani.

Asubuhi moja, mavuno yakielekea kwisha, wazee wa upande wa msichana wakaja kuchagua ng'ombe. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa zizi na kibuyu, mtoto mgongoni. Wakaingia. Wa mbele, mwenye fimbo, alikuwa Chacha.

Chacha ana binti mmoja tu ambaye hajaolewa.

Tazama jinsi nilivyopumbazwa! Mimi na wenzangu ndio tuliofungua njia ile. Kabla ya kikundi, Chacha asingekanyaga kwenye zizi lile hata kwa kuburutwa. Amani tuliyoisuka kwa vikapu ndiyo iliyomleta pale na fimbo yake.

Wakazunguka. Chacha anagusa huyu, anagusa yule. "Huyu. Huyu. Yule wa nyuma." Wakafika mwisho, akasema bado mmoja. Baba mkwe akasita. Kisha akamvuta yule mwekundu mwenye baka jeupe, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Huyu hapa, tena ana mimba. Ameletwa na mke wa Mwita, yule aliyesoma. Mnaona? Sisi kwetu hata wanawake wanaleta ng'ombe!"

Wazee wote wakageuka kunitazama. Mmoja akasema, "Hongera, binti." Mwita alikuwa kwenye ukuta, kifua mbele. Mama mkwe alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mwanawe akibatizwa.

Nilikuwa na maneno matatu ya kusema. Huyo si wetu. Maneno matatu! Ningeyasema, mahari ingepungua, wazee wangerudi kwao, baba mkwe angeaibika, Mwita angeaibika, mimi ningepigwa labda. Na kesho yake ningempeleka Akiba kwa Bhoke, na Robi angeendelea kuuliza kama bahari ina mwisho.

Unajua nilifanya nini?

Nilitabasamu. Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikatabasamu!

Fimbo ya Chacha ikamgusa Akiba mgongoni. Ikawa imekwisha.

Ng'ombe walipoingia kwa Chacha, Bhoke alikuwa uani. Nilisimuliwa na Bibi Nyangi aliyekuwapo. Anasema Bhoke alikuwa anawahesabu kwa macho akilia, na alipomwona yule wa mwisho akaacha kulia. Akaita, taratibu, "Akiba." Na ng'ombe akageuza kichwa, akaenda kwake moja kwa moja, akanyoosha shingo akwaruzwe.

Kesho yake Bhoke akaja kwetu. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige na jembe! Alisimama tu.

"Uliwaambia ni wa nani?"

"Wa mjomba wangu."

"Kwa nini?"

Nikajibu ukweli, na ukweli ulikuwa mdogo, wa aibu, kama kitu kilichookotwa jalalani. "Mama mkwe alikuwa ananicheka."

Bhoke akatikisa kichwa, taratibu. "Alikuwa anakucheka," akasema. Akaondoka kwa njia ya porini, ile ya zamani.

Jioni nikamwambia Mwita kila kitu. Alikuna goti.

"Kwa hiyo mjomba hakutoa kitu."

"Hakutoa."

"Na mimi nimejigamba kwa watu wote."

Akainuka, akanichukua hadi kwa baba yake, nikarudia yote nikiwa nimepiga magoti. Nikamwomba atoe ng'ombe mwingine amrudishe yule, arusi ingoje. Mzee hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Ng'ombe ameingia kwa watu. Msichana anakuja kwetu. Niende kwa Chacha nikaseme nini, mwanangu? Kwamba nilitoa ng'ombe wa wanawake kumi na wawili? Kwamba katika zizi langu sijui kilicho changu? Ungesema jana. Jana ningekukasirikia, lakini ningesikia."

Jana! Neno hilo nalitafuna kila siku.

Na sasa nikuambie kinachoniua. Chacha hakumlaza yule ng'ombe hata siku tatu. Alimtoa akampeleka Mbalibali, kwa wakwe wa mwanawe, kukamilisha ile mahari iliyopungua mmoja.

Umenielewa? Akiba alifika kule kule tulikotaka afike! Zizi lile lile, kwa watu wale wale. Ni kwamba njiani alimpitia Robi.

Bibi Nyangi hakunifukuza. Alisema tu, "Nenda ukamwangalie ng'ombe. Uende kwa miguu." Mwita akaniruhusu. Nikatembea siku mbili na mtoto mgongoni, tukavuka mto, nikafika Mbalibali. Nikamkuta mama mmoja mwenye furaha sana anamkamua. Akiba alikuwa amezaa. Mama yule hakunijua mimi ni nani. Nikasema nimepita tu, naomba maji.

"Maji ya nini na maziwa yapo? Karibu, mama, keti. Tazama ng'ombe huyu alivyo mpole! Utadhani alilelewa na wanawake."

Akanimiminia. Nikanywa. Ningefanya nini? Nilikunywa yote, nikamshukuru, nikageuza njia.

Robi sasa yuko kwetu. Ni mke wa Marwa. Tunasaga pamoja, jiwe kwa jiwe. Ile nafuu niliyoiomba kanisani nimepewa. Kila asubuhi ananisalimia, "Shikamoo, dada," kwa adabu yote, na haulizi tena swali lolote. Nilichukua vile vitabu vyangu vitano nikaviweka mlangoni pake. Asubuhi nikavikuta mlangoni pangu, vimefungwa vizuri kwa kamba ya katani, hakuna hata ukurasa uliokunjwa.

Chacha na baba mkwe wanasalimiana bado, tena wanaitana mkwe. Wanaume wamepatana. Bhoke anapita porini.

Mavuno haya tulirudi kwenye kihenge. Wote kumi na wawili, hata Bhoke, ambaye alikaa mbali nami na kikapu chake. Na nyuma akaja Robi, ana kikapu kidogo cha ulezi aliolima mwenyewe katika shamba la Marwa. Akasema anataka kuwa wa kumi na tatu. Bibi Nyangi akampa nafasi ya kwanza kwa sababu ni mgeni.

"Robi, una neno na mtu hapa?"

"Ninalo, Bibi."

"Na nani?"

"Na Mwalimu."

Nilikuwa tayari. Nilikuwa namngoja aseme, anichane mbele ya watu wote, nipige magoti, limalizike!

"Liseme, mwanangu."

Robi alifungua mdomo. Akaufunga. Akatua kikapu chini.

"Siwezi kulisema. Bado."

Bhoke akatua chake. Na mwingine, na mwingine. Nami nikatua changu.

Bibi Nyangi akaketi juu ya kinu. "Basi tutangoja," akasema. "Ulezi hauozi."

Ni kweli, ulezi hauozi. Wadudu hawauli, unakaa miaka. Vikapu kumi na vitatu viko nyumbani kwa Bibi Nyangi mpaka ninapoandika, vimepangwa ukutani, na kihenge kiko tupu. Miezi ya njaa inakuja na hatujaweka kitu. Wanawake kumi na mmoja wanamngoja mtoto mmoja apate maneno, nami siwezi kumpa maneno hayo, siwezi kumwomba aharakishe, siwezi kufanya kitu chochote duniani isipokuwa kupita pale, kuvitazama vile vikapu, na kurudi.

Ninyi wanawake mlio na vikundi vyenu, shikeni. Vinaponya, nimeona kwa macho yangu, vimewapatanisha watu waliokuwa wanafuatana kwa mishale. Lakini mtu akikukabidhi kitu cha wote, kitaje jina lake halisi siku ile ile, pale pale getini, hata kama aliyesimama mbele yako anakucheka. Mwache akucheke! Atacheka, atachoka, ataingia ndani.

Mimi nilitaka aache kunicheka. Ameacha. Ananiita mwanangu mpaka leo, na kila akiniita, Robi aliye kwenye jiwe la pili anainua macho.